Siku ya familia mlimani na watoto wadogo: kutoka joto la Majimoto hadi baridi ya Ufipa

Mpunga ukishavunwa na shule zikifungwa mwezi wa sita, familia nyingi za bonde letu la Rukwa hupanda Ufipa. Wengine wanakwenda kumsalimia bibi Sumbawanga, wengine wana harusi au msiba, na wengine wanataka tu watoto wakaione milima ya Mbizi na kucheza huko siku moja. Ni safari nzuri. Watoto wanafurahi, na wewe mama unapumzika kidogo na kazi za shamba.

Lakini mwezi wa sita na wa saba ndio miezi ya baridi kali huko juu. Kuna nchi ambako familia hupanda mlimani kucheza kwenye theluji, na kwa sababu theluji inaonekana kwa macho, kila mtu anajua kumvalisha mtoto toka kichwani hadi miguuni. Sisi huku theluji hatuioni, kwa hiyo tunaondoka na kanga moja na shuka. Makala hii inakueleza jinsi ya kujiandaa, jinsi ya kumlinda mtoto akiwa huko, na dalili ambazo ukiziona hupaswi kusubiri.

Mambo makuu ya kukumbuka

• Mvalishe mtoto nguo kavu za tabaka kadhaa, kofia na soksi. Uso uachwe wazi apumue.
• Mtoto mchanga hapati joto vizuri akiwa peke yake. Joto bora kwake ni ngozi yako.
• Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba, hata kama mkaa umeiva na hautoi moshi.
• Mtoto anayepumua haraka mlimani hajazidiwa na "hewa ya juu". Mpeleke akapimwe.
• Homa na kutetemeka kwa mtoto anayetoka bondeni vinaweza kuwa malaria. Apimwe siku hiyohiyo.

Tofauti ya hali ya hewa ni kubwa kiasi gani?

Bonde letu liko mita kama 800 hadi 900 kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga iko karibu mita 1,800, na vilele vya Mbizi vinapita mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Juu ya hapo kuna upepo, na upepo huondoa joto mwilini haraka zaidi. Usiku wa mwezi wa saba Sumbawanga unaweza kukaribia nyuzi 10. Mtoto aliyezoea kulala na kaptula tu Majimoto anakutana na hali hiyo ndani ya siku moja.

Kwa nini mtoto mdogo anapoa haraka kuliko mtu mzima?

Ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, na mafuta chini ya ngozi ni machache. Mtoto mchanga pia hawezi kutetemeka vizuri ili kuzalisha joto kama tunavyofanya sisi. Hawezi kukuambia anasikia baridi. Anachofanya ni kunyamaza na kulala, na wengi tunafikiri ametulia.

Kabla ya kuondoka: nani aende, nani abaki?

Siyo kila mtoto anafaa kwenda kila safari. Kama siyo lazima, ahirisha kwa watoto hawa:

• Mtoto ambaye hajamaliza mwezi mmoja, aliyezaliwa kabla ya siku zake, au aliyezaliwa na uzito mdogo.
• Mtoto mwenye homa, kikohozi au kuharisha kwa sasa. Apone kwanza.
• Mtoto mwenye utapiamlo ambaye bado yuko kwenye matibabu.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kusafiri, ila baridi na kukosa maji ya kutosha mwilini vinaweza kumwanzishia maumivu makali ya viungo. Zungumza na kliniki yake kabla ya safari, beba dawa zake zote, mpe maji mara kwa mara na usimwache apoe hata kidogo.

Angalia kadi ya kliniki. Kama kuna chanjo iliyopita tarehe, pitia zahanati kabla ya kusafiri. Chanjo zinazotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinamkinga mtoto dhidi ya baadhi ya vimelea vinavyoleta nimonia. Kisha beba kadi hiyo. Mtoto akiugua ugenini, mhudumu wa huko atajua alipo bila kubahatisha.

Vitu vya kubeba

• Nguo mbili kamili za ziada kwa kila mtoto, hasa soksi na suruali.
• Kofia ya sufi inayofunika masikio, na sweta. Za mtumba zinafaa, mradi zimefuliwa na kukauka.
• Blanketi moja kwa kila mtoto mdogo, pamoja na mbeleko yako.
• Nepi za kutosha. Nepi iliyolowa humpoza mtoto kama nguo iliyonyeshewa.
• Maji safi ya kunywa, na chakula ambacho mtoto amekizoea.
• Chandarua chenye dawa, kama mtalala huko. Usidhani mlimani hakuna mbu kabisa.
• Dawa anazotumia mtoto kila siku, kama zipo.
• Simu yenye chaji. Utaihitaji pia kuhesabu pumzi za mtoto, kama nitakavyoeleza.

Jinsi ya kumvalisha

Nguo tatu nyepesi zinashinda nguo moja nzito, kwa sababu hewa iliyo kati ya nguo ndiyo inayotunza joto. Ndani mvalishe fulana ya pamba, katikati shati la mikono mirefu au flana, na juu sweta au koti. Kipimo rahisi ni hiki: mtoto mdogo avae nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe. Ukiwa na gauni na sweta, yeye awe na tabaka tatu.

Usimpime kwa mikono wala miguu tu, maana hiyo hupoa mapema. Ingiza mkono wako chini ya nguo, umguse tumboni au mgongoni. Tumbo likiwa na joto la kawaida na miguu ni baridi kidogo, mwongeze soksi. Tumbo likiwa baridi, huyo mtoto tayari anapoteza joto na lazima umpashe sasa hivi. Mgongo ukiwa umelowa jasho, umemvalisha kupita kiasi. Punguza nguo moja, kwa sababu jasho likikaukia mwilini kwenye upepo litampoza.

Usifunike uso. Nimeona akina mama wengi wakiteremka kwenye gari na mtoto aliyefunikwa kitenge mpaka kichwani. Mtoto anahitaji hewa, na wewe unahitaji kumwona rangi ya midomo yake na jinsi anavyopumua.

Njiani

Safari huanza na joto la bonde na kuishia kwenye baridi. Kwa hiyo usimfunge mtoto makoti yote tangu Majimoto, atachemka ndani ya gari. Weka nguo za joto kwenye mfuko ulio karibu nawe, siyo kwenye mizigo ya juu ya gari. Mkianza kupanda, iwe mnapita njia ya Kibaoni au mnapanda ukuta wa bonde kupitia Muze, mwongeze nguo moja baada ya nyingine. Dirisha la upande wako lipunguzwe. Ni haki yako kumwomba konda au abiria mwenzako.

Mnyonyeshe mtoto wakati gari linapanda, na zaidi wakati wa kurudi linapoteremka. Kumeza kunafungua masikio na kupunguza maumivu yanayowafanya watoto walie kwenye miteremko. Mkubwa mpe maji anywe kidogokidogo. Kwenye kona nyingi watoto hutapika, kwa hiyo apate chakula chepesi kabla ya safari, na akae anapoona mbele. Akitapika, mbadilishe nguo mara moja. Nguo iliyolowa asikae nayo hadi mfike.

Usimpakie mtoto mchanga kwenye bodaboda kupanda mlima. Ukiacha hatari ya ajali, upepo wa pikipiki unamnyang'anya joto lote, na akiwa mgongoni mwako huwezi kuona kama amelegea.

Mkifika

Mpe chakula cha moto kwanza. Mtoto aliyefikisha miezi sita na kuendelea apate uji mzito wenye karanga au maziwa, na chakula cha familia kwa umri wake. Mtoto mwenye njaa hupoa haraka. Aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Asipewe chai wala maji ya uvuguvugu kwa kisingizio cha baridi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Asali asipewe mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja. Na pombe, hata ya kijiko kimoja "ya kuleta joto", ni sumu kwa mtoto. Inashusha joto la mwili na kuharibu sukari yake.

Kwenye baridi watoto hawasikii kiu, ila bado wanapoteza maji. Wakumbushe kunywa.

Muda mzuri wa kucheza nje ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, umande ukiwa umekauka. Waache wakimbie, kukimbia kunaleta joto. Kila baada ya nusu saa mwite mdogo zaidi umguse tumboni na kukagua soksi. Mkipanda kwenye miteremko ya Mbizi, mtu mzima mmoja awe na jukumu la kila mtoto mdogo, kwa jina. "Watoto waangalieni" ikisemwa kwa watu wote, mara nyingi hakuna anayeangalia.

Jua la mlimani linachoma hata kama hewa ni baridi, kwa sababu kadiri unavyopanda miale yake inaongezeka nguvu. Kofia ya ukingo mpana inafaa kwa wote. Kwa mtoto mwenye ualbino ni lazima, pamoja na mikono mirefu, suruali na losheni ya kukinga jua, na michezo yake iwe kivulini.

Kuoga kuwe mchana, maji ya uvuguvugu, mahali pasipo na upepo. Pima maji kwa kiwiko chako. Mfute haraka akauke, hasa kichwa, kisha mvalishe. Siku moja bila kuoga haimdhuru mtoto.

Jiko la mkaa chumbani: hapa ndipo familia hupotea

Nakuomba usome sehemu hii mara mbili. Usiku ukiwa baridi, wenyeji wako kwa upendo wanaweza kukuingizia jiko la mkaa chumbani, mlango ukafungwa na dirisha likazibwa kwa nguo. Mkaa unaowaka hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haikereketi macho. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi ya oksijeni. Mtu analala, halafu haamki. Watoto wadogo na wajawazito huathirika mapema zaidi, na mtoto aliye tumboni naye huathirika.

Watu wengi wanasema mkaa ukishaiva na kuwa mwekundu bila moshi hauna madhara. Siyo kweli. Moshi ndio unaoonekana, gesi haionekani. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakusaidii, na kumwagia majivu juu hakusaidii.

Fanya hivi: jiko liwashwe nje au mahali penye hewa ya kupita, mpashe joto hapo kabla ya kulala, kisha libaki nje. Chumbani laleni pamoja, blanketi za kutosha, mtoto mchanga akiwa kifuani kwa mama.

Kama watu wawili au zaidi ndani ya nyumba moja wanaumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida na kuna jiko ndani, hiyo ni gesi. Fungua mlango, watoe wote nje kwanza, kisha nendeni kituo cha afya hata kama wameanza kupata nafuu.

Jiko na moto wa kuota pia huunguza. Mtoto akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, mpeleke kwenye matibabu. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Wakati unapoza sehemu iliyoungua, sehemu nyingine za mwili zibaki zimefunikwa asipate baridi.

"Ni baridi tu": maneno yanayochelewesha matibabu

Mama mmoja alimleta mtoto wa miezi minane siku ya tatu tangu warudi kutoka mlimani. Mtoto alianza kuhema wakiwa huko. Wazee wakamwambia ni hewa ya juu, atazoea, na walipoteremka wakasema ameingiwa na baridi, apakwe dawa ya kuchua. Nilipomfunua nguo na kuhesabu, alikuwa anapumua mara 64 kwa dakika na kifua kinabonyea. Ilikuwa nimonia. Alipata rufaa, akatibiwa na akapona. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa ameamini maelezo mawili yanayosikika kuwa ya busara.

Kuhusu hewa ya juu: ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza mtu akipita mita 2,500. Sumbawanga iko chini ya hapo. Mtoto mzima hawezi kuhema Sumbawanga kwa sababu ya urefu wa mahali.

Kuhusu baridi: nimonia huletwa na vimelea. Baridi inachangia kwa sababu watu hujazana chumba kimoja, milango hufungwa, moshi unajaa na vimelea vinahama kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Dawa ya kuchua haiui vimelea. Usimpake puani wala karibu na pua mtoto mdogo, inaweza kumbana pumzi.

Jinsi ya kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Pandisha nguo uone tumbo na kifua. Tumia saa ya simu, hesabu dakika nzima. Tumbo likipanda mara moja ni pumzi moja. Anapumua haraka kupita kawaida ikiwa:

• Chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi kwa dakika.
• Miezi 2 hadi 11: mara 50 au zaidi.
• Mwaka 1 hadi miaka 5: mara 40 au zaidi.

Na malaria je? Mtoto akitetemeka mlimani, wote mtasema ni baridi. Lakini mbu aliyemwuma Majimoto wiki mbili zilizopita anaweza kuwa ameacha vimelea vinavyojitokeza mkiwa ugenini. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, na umwambie mhudumu wazi: "Tumetoka bonde la Rukwa, Katavi." Usimpe mabaki ya dawa mseto ya mtoto mwingine.

Dalili za hatari: nenda kituo cha afya sasa, usingoje asubuhi

• Hawezi kunyonya wala kunywa.
• Anatapika kila kitu.
• Amepata degedege.
• Amelegea, haamshiki au hajitambui.
• Anapumua haraka, kifua kinabonyea kwa ndani akivuta hewa, au anatoa sauti kila akipumua.
• Midomo au ulimi umekuwa wa bluu au kijivu.
• Mtoto mchanga ana homa, au mwili wake ni wa baridi hata tumboni na kilio chake ni dhaifu.

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Likishuka chini ya 36.5 anahitaji kupashwa joto mara moja. Mvue nguo zilizolowa, mfute, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi akiwa na nepi, kofia na soksi tu, kisha jifunikeni wote wawili kwa blanketi. Mnyonyeshe. Endelea hivyo hivyo mkiwa njiani kwenda kituoni. Usimweke chupa ya maji ya moto ubavuni, ngozi yake inaungua upesi. Baba au bibi pia anaweza kumweka kifuani kama mama amechoka.

Kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, piga 115 ya m-mama. Ni bure.

Maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Nimpe dawa ya kikohozi kabla hatujaondoka, ili kinga iwepo?
Hapana. Dawa ya kikohozi haizuii kikohozi, na kwa watoto wadogo inaweza kuleta madhara. Hali kadhalika antibiotiki. Kinga yake ni chanjo, maziwa ya mama na chumba kisicho na moshi.

Wageni wote wanataka kumbeba mtoto. Nifanyeje?
Waombe wanawe mikono kwanza. Mwenye mafua au kikohozi amsalimie kwa mbali. Kama ni mkwe wako na unaona haya, sema nesi amekukataza. Nisingizieni mimi, sina neno.

Mume wangu anaona nguo zote hizi ni kudekeza mtoto.
Mwambie aguse tumbo la mtoto saa kumi na moja alfajiri huko Sumbawanga. Akishaligusa hatauliza tena.

Mkirudi nyumbani

Kwa wiki mbili baada ya safari mwangalie mtoto kwa makini. Homa, kikohozi kinachozidi, kuhema, au kukataa ziwa, mlete zahanati na useme mlikuwa safarini. Usiku wa kwanza Majimoto mpunguzie nguo, na chandarua kirudi kitandani usiku huohuo, hata kama mmefika mmechoka na mizigo bado iko mlangoni.